Gundi Kwanza, Jalada Baadaye

Ukiletewa riwaya kuukuu pale Garissa, usianze na picha ya jalada. Igeuze uone mgongo. Joto la huko ni kali sehemu kubwa ya mwaka, hewa ni kavu, na kinachotangulia kufa katika kitabu cha jalada laini ni gundi. Karatasi yenyewe hustahimili kuliko watu wanavyodhani. Nakala iliyozeekea Mombasa au Lamu huwa na madoa ya kahawia na harufu ya uvundo, na pini zake zimeota kutu iliyosambaa hadi kwenye maandishi. Iliyozeekea Garissa aghalabu haina doa wala harufu, lakini ukiifungua kwa pupa mgongo unalia na kurasa zinakubakia mkononi.

Kuipima, ilaze kwenye kiganja, mgongo chini, uiachie ifunguke yenyewe. Ikifunguka pale pale kila mara, hapo pameshavunjika. Kisha chungulia juu ya mgongo, karatasi zinapokutana na gundi. Ukiona vifungu vidogo vya karatasi zilizokunjwa pamoja, na ukifungua katikati ya kifungu unaona uzi, kitabu kimeshonwa, nacho huenda kikakuzika. Ukiona ukingo mmoja uliokatwa sawasawa kama boflo, kimeshikwa na gundi tupu. Kinunue ukikitaka, ila usikifungue zaidi ya nusu.

Nini cha kutafuta ukipenda hadithi za ajabu na za angani? Wakusanyaji wengi hukimbilia riwaya za Kiingereza zenye roketi jaladani, kana kwamba Kiswahili hakijawahi kupaa. Mimi huanza na Shaaban Robert. *Kusadikika*, iliyotoka 1951, ni nchi inayoelea angani na kutuma wajumbe pande sita, mbinguni na ardhini zikiwemo. *Adili na Nduguze*, ya 1952, ina ndugu waliogeuzwa manyani. Shule imetuzoesha kuvisoma kwa ajili ya mtihani tu, ndiyo maana watu huviuza kwa bei ya karatasi ya kufungia njugu. Nyuma yake zipo tafsiri za Frederick Johnson: *Mashimo ya Mfalme Sulemani* ya 1929 na *Safari za Gulliver* ya 1932. Ukizikuta nzima, usibishane sana na muuzaji.

Na kwa Kenya yenyewe, riwaya ya kuwinda ni *Walenisi* ya Katama Mkangi, ya 1995. Dzombo anahukumiwa kifo, anatiwa katika chombo cha angani, na badala ya kufa anatua katika nchi iliyopangika kuliko alikotoka. Ni siasa tupu, lakini ni siasa iliyopanda chombo. Anayetaka cha Kiingereza atafute *The Equatorial Assignment* ya David Maillu, ya 1980, katika mfululizo wa Pacesetters wa Macmillan: ujasusi wa kitoto kidogo, mitambo mingi, raha tele. Ni cha gundi, kwa hiyo mgongo wake ukaguliwe mara mbili.

Umri wa nakala usiusome kwenye rangi ya karatasi. Karatasi ya bei nafuu ikianikwa juani hugeuka njano haraka, na kitabu cha juzi kikaonekana babu. Soma jina la mchapishaji. East African Literature Bureau ilianzishwa 1948. Kenya Literature Bureau ikaja baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika 1977. Kwa hiyo *Mzimu wa Watu wa Kale* ya Muhammed Said Abdulla, iliyotoka 1960, ikiwa na jina hilo la pili, ni chapa ya baadaye hata muuzaji aape vipi. Vivyo hivyo Heinemann ya Nairobi iligeuka East African Educational Publishers mwaka 1992. *Mafuta* ya Mkangi, ya 1984, yenye jina la Heinemann ndiyo ya kutafuta. Yenye jina jipya ni ya kusoma tu.

Kisha hesabu kurasa, na usione haya kumfanya muuzaji angoje. Vitabu vya shule hupoteza kurasa za mwisho, na ukurasa uliochomoka mara nyingi hurudishwa kichwa chini. Linganisha pia rangi ya mgongo na ya jalada la mbele: nyekundu na njano hupauka mapema, buluu hubaki, na mgongo uliogeuka buluu tupu umekaa dirishani miaka. Kava la gazeti lililovikwa na mwanafunzi ni baraka, livue polepole. Jina lake na maelezo yake ya kalamu pembeni hayanisumbui hata kidogo. Selotepu ndiyo adui. Gundi yake hugeuka kahawia, ikaingia katika karatasi, na ni vigumu kuitoa bila kuchubua maandishi.

Mhuri wa maktaba ni jambo jingine. Huduma ya Maktaba za Kitaifa ilianza mwaka 1996 kuwapelekea wafugaji vitabu kwa ngamia kutoka Garissa, vikiwa ndani ya masanduku, na kitabu kilichosafiri hivyo kinaweza kuwa na kona zilizosagika pande zote nne. Kinavutia, nakubali. Lakini kama hakuna mhuri wa pili unaoonyesha kwamba kimeondolewa rasmi, bado ni mali ya maktaba. Mpelekee mkutubi.

Nyumbani usivitie katika sanduku la bati la bweni. Mchana huwa tanuri. Sanduku la mbao lililoinuliwa kutoka sakafuni, mbali na mchwa na mbali na ukuta unaopigwa na jua la jioni, linatosha. Vya gundi vilazwe, vya uzi visimame.

Na ukiwekewa nakala mbili za kitabu kimoja, ya pwani yenye mgongo imara na kutu kurasani, na ya Garissa yenye kurasa zilizolegea, chukua ya Garissa. Wapo wakusanyaji wasiotaka kitabu kiguswe na fundi. Mimi si mmoja wao. Kurasa zilizolegea hushonwa upya, karatasi iliyoliwa na kutu hairudi.