Kofia ya Chuma na Maneno ya Mwuzaji

Msomaji, anunuaye kofia ya vita ya zamani huuziwa vitu viwili kwa bei moja: kofia yenyewe, na habari zake. Kofia yaweza kushikwa, kugeuzwa na kupimwa. Habari hutoka kinywani mwa mwuzaji, na aghalabu ndizo zilizo ghali. Atakaye kuona jinsi hila hii ifanyavyo kazi na azitazame kofia za majeshi ya Ujerumani. Watu wa Ulaya na Marekani huzikusanya kwa shauku kubwa, na palipo na shauku ya namna hiyo waghushi hawakosi kazi.

Chombo cha kwanza cha mhakiki ni kalenda. Kofia ya ngozi yenye mwiba utosini, iitwayo Pickelhaube, ilianza kuvaliwa katika jeshi la Prussia mwaka 1842, zamani za Mfalme Friedrich Wilhelm IV. Kwa askari wengi mwiba huo, na tai wa mbele, vilikuwa vya shaba ya manjano. Lakini mwaka 1915, vita vilipokwisha kumeza madini mengi, vikatengenezwa kwa chuma cha kijivu, na mwiba ukafanywa wa kuondolewa. Ngozi haikuweza kuzuia vipande vya makombora. Ndipo Friedrich Schwerd, mhandisi wa Hannover, alipobuni kofia ya chuma, nayo ikagawiwa askari waliokuwa Verdun mwaka 1916.

Tarehe hizi chache huangusha hadithi nyingi. Hata sisi wa Afrika Mashariki twaweza kuzitumia. Vita vya Tanga vilipiganwa Novemba 1914, na askari waliopigana upande wa Wajerumani walivaa tarbushi zilizofunikwa kitambaa cha kaki. Basi mtu akikuletea kofia ya chuma akaapa kwamba iliokotwa katika vita hivyo, huna haja ya kuchungulia kutu yake. Anakuuzia jina la Tanga tu.

Lakini uongo wa wazi namna hiyo si wa kuogopwa sana. Ulio hatari ni ule uliopachikwa juu ya kitu cha kweli, na juu ya huo nakuomba tukae kidogo.

Tuseme mezani pako pamewekwa kofia mbili za Vita vya Pili vya Dunia. Ya kwanza imebandikwa alama za kikosi cha SS, nazo zang'aa. Ukingoni ina mikwaruzo, na ubavuni ina tundu ambalo mwuzaji asema ni la risasi. Ya pili ni ya kijivu tupu, imefifia, haina alama hata moja. Bei ya kwanza ni mara nyingi ya bei ya pili. Mgeni wa mambo haya huinyoshea mkono ile ya kwanza.

Subiri. Zipindue zote mbili. Ndani, upande wa kushoto, tafuta chapa ya kiwanda: herufi ET ni za kiwanda cha Thale, Q ni ya Quist. Baada ya herufi hufuata tarakimu, tuseme 64, ndiyo saizi ya chuma. Sasa tazama pete ya ngozi ya ndani. Chuma cha 64 hukaa na ngozi ya 56 au 57. Ukikuta ngozi ya 59, jua kwamba ngozi hiyo na chuma hicho havikutoka kiwandani pamoja. Kisha angalia matundu ya hewa. Katika kofia za mwaka 1935 ni vipande vya pekee vilivyotiwa. Katika za mwaka 1940 yamekandamizwa katika chuma chenyewe. Na ukingo: za mwaka 1942 haukukunjwa kwa ndani kama za kwanza, ili kazi iende upesi.

Halafu zirudie amri za jeshi. Ngao ya rangi nyeusi, nyeupe na nyekundu, iliyobandikwa ubavuni, iliamriwa iondolewe mwaka 1940. Tai naye akaamriwa aondolewe mwaka 1943. Kwa hiyo kofia ya mwaka 1942 ya jeshi la nchi kavu, iliyo na ngao ile mpya kabisa, imevaa kitu kilichokatazwa kabla haijazaliwa. Na ile kofia tupu ya kijivu, uliyoidharau kwa kukosa alama, yaelekea kabisa kuwa jinsi ilivyotakiwa iwe.

Tazama pia mahali uchakavu ulipokaa. Askari huiweka kofia chini, huikalia, huitundika kwa ukanda wake. Basi huchakaa ukingoni, utosini na penye ukanda, na ngozi yake hufanywa nyeusi na jasho pale inapogusa paji la uso. Mghushi hana jasho la miaka mitatu. Hukwaruza pale anapojua kwamba jicho la mnunuzi litatua, yaani kandokando ya alama, huku ngozi ya ndani ikiwa kavu na safi. Nao mkwaruzo uliopita chini ya alama badala ya kupita juu yake watosha kukueleza ni kipi kilichotangulia.

Wako wanaotegemea taa ya urujuanimno, kwa kuwa nyuzi nyingi za kisasa hung'aa katika mwanga huo. Ni msaada mzuri, lakini si hukumu. Kofia nyingi za Kijerumani zilitumika tena baada ya 1945, kwa mfano katika jeshi la Norwei, zikatiwa ngozi na nyuzi nyingine bila nia ya kumdanganya mtu. Mimi nawalaumu zaidi wale waridhikao na cheti. Cheti ni maneno ya mwuzaji yaliyopigwa mhuri. Waghushi nao huvisoma vitabu vile vile tuvisomavyo sisi.

Utaniuliza, hasara iko wapi ikiwa tajiri fulani amepoteza fedha zake kwa kofia? Ingekuwa fedha peke yake, nisingeandika. Fikiri jinsi ile kofia ya kwanza ilivyopatikana. Chuma chake ni cha kweli. Ilikuwa kofia tupu kama mwenzake, ya mtu aliyeandikishwa jeshini na kupewa namba. Huenda ndani yake palikuwa na jina lililoandikwa kwa rangi, kama askari wengi walivyofanya. Mghushi akalifuta jina, akaondoa rangi iliyokaa tangu vitani, akabandika alama za kikosi kilicholinda kambi za mauti, akatoboa tundu. Alifanya hivyo kwa kuwa wanunuzi hulipa zaidi kwa alama ya wauaji kuliko kwa jina la mtu. Ushahidi uliokuwapo umepotea, na hakuna fundi awezaye kuurudisha.

Mwanafunzi aliyesoma tenzi zilizonakiliwa kwa mkono ameonja tatizo hili. Ubeti uliopachikwa na mnakili hujulikana kwa kupendeza mno mahali usipotakiwa. Lakini huko nakala nyingine yaweza kupatikana tukalinganisha. Kofia haina nakala ya pili.

Si kila mwigo ni wa kulaumiwa. Zimetengenezwa kofia nyingi za kuigiza michezo na filamu, na mwenye kiwanda mwaminifu hutia chapa yake ndani. Ukiishika moja ya hizo ukaona kwamba mahali pa chapa pamesuguliwa kwa tupa, basi umeona alama ya mkono wa mtu wa pili.