Viambishi tamati vya Kiingereza na kipimo cha Kiswahili

Dai la kwamba Kiswahili ni maskini wa vivumishi hutokana na kukipima kwa kanuni za Kiingereza. Ni kweli, Kiingereza huunda vivumishi kwa viambishi tamati: « read » huzaa « readable », « care » huzaa « careless ». Lakini Kiswahili nacho hupata « -vumilivu » kutokana na « vumilia ». Penginepo hukiachia kitenzi kazi hiyo: kitabu kinachosomeka, mtu asiyejali. Umbo hutofautiana, maana haipungui. Isitoshe, viambishi hupotosha: « priceless » si kisicho na thamani, bali chenye thamani isiyokadirika. Mwanafunzi wa Kongo huongezewa mtego wa Kifaransa, ambamo « sensible » ni mwepesi wa kuhisi, si mwenye busara kama katika Kiingereza. Tafsiri na ianzie kwenye maana, si kwenye mkia wa neno.