Upepo Uliotulia, Upande Uliosalia: Tahakiki ya Lugha ya Mfumuko wa Ulimwengu

Katika kosmolojia, taaluma ichunguzayo chanzo na maumbile ya ulimwengu mzima, ipo hoja ambayo mara nyingi hupotoka inapofasiriwa kwa Kiswahili. Hoja yenyewe ni kwamba uga wa vekta, iwapo ulikuwapo wakati wa mfumuko wa ulimwengu, ungaliweza kuvunja isotropia ya kitakwimu. Ninachohakiki hapa ni lugha ya fasiri hiyo, ila lugha haihakikiki bila kuingia katika jambo lenyewe.

Kosa la kwanza limo katika neno usawa. Husemwa kwamba ulimwengu ni sawa pande zote. Kisha mwanafunzi akioneshwa ramani ya mnururisho wa kale, ambao madoa yake yalibainishwa na setilaiti ya COBE mwaka 1992, huuliza kwa haki: usawa huo uko wapi? Jotoridi la mnururisho huo ni kelvini 2.725, na madoa yake hutofautiana kwa kiasi cha sehemu moja katika 100,000. Lakini madoa hayavunji isotropia ya kitakwimu. Kinachodaiwa kuwa sawa ni desturi ya madoa, yaani ukubwa wake wa wastani na namna yanavyohusiana, upimapo kuelekea upande wowote. Mvua ya Miti haiangushi matone mamoja juu ya kila jani la mgomba. Hata hivyo alama zake katika udongo hazielekei popote. Upepo ukivuma, alama hulala. Hapo ndipo isotropia huvunjika, ingawa idadi ya matone haikubadilika.

Mfano huu wa upepo si pambo. Jotoridi ni skala: kila mahali lina kiasi tu. Upepo ni vekta: kila mahali una kiasi na mwelekeo. Na Kiswahili, pengine kuliko lugha nyingi, kimeujenga mwelekeo juu ya upepo, kwani kaskazini imetokana na kaskazi na kusini na kusi, pepo za misimu za pwani. Sisi wa Kivu ya Kusini tunaitamka kusi kila siku katika jina la jimbo letu, ilhali jahazi linaloingoja hatunalo. Upepo umebaki baharini. Upande umesafiri hadi huku ndani ya neno.

Ndivyo inavyodhaniwa kuhusu uga wa vekta. Mfumuko wa ulimwengu (tusiuchanganye na ule wa bei, uliowaletea wazee wetu noti ya zaire 5,000,000 mwaka 1992) ulikwisha kwa muda mfupi usiosemeka, lakini uliyatandaza mawimbi madogo yaliyokuja kuwa madoa. Kwa kawaida husemwa kwamba uliendeshwa na uga wa skala, usio na upande. Uga wa vekta wa kawaida, kama ule wa sumakuumeme, hufifia upesi ulimwengu unapotanuka, usiache alama ya maana. Ndiyo maana wananadharia hulazimika kuulisha. Golovnev, Mukhanov na Vanchurin walijaribu mwaka 2008 kwa kuufunga uga huo na mpindo wa anga-wakati. Himmetoglu, Contaldi na Peloso wakaonesha kwamba mifano ya aina hiyo haina uthabiti. Mwaka 2009 Watanabe, Kanno na Soda waliufunga na uga wa skala wenyewe, ukapokea nishati humo na kudumu. Kwa maoni yangu hii ndiyo njia yenye nguvu zaidi. Wasimulizi wanaoiruka hatua hii, wakasema tu kwamba vekta ina upande na basi, wameacha kiini cha hoja.

Hata hivyo mfano wa upepo una mpaka wake. Upepo una utokako na uendako. Athari inayotafutwa hapa ina mhimili tu. Katika fomula ya Ackerman, Carroll na Wise ya mwaka 2007, kosaini ya pembe hupigwa kipeo cha pili, hivyo kaskazini na kusini hutoa jibu lile lile. Kusema kwamba upande mmoja wa mbingu una joto zaidi ni kuleta jambo jingine kabisa: tofauti ya milikelvini 3.4 hivi, itokanayo na mwendo wetu wenyewe wa kilomita 370 kwa sekunde.

La mwisho ni njeo. Mwaka 2009 Groeneboom na Eriksen, wakitumia data za setilaiti ya WMAP, walipata athari hiyo kwa kiwango cha 0.15. Mhimili wake ulikuwa karibu na ncha za njia ya jua, jambo lililotia shaka, kwa kuwa mbingu za kale hazina sababu ya kuujua mzunguko wa dunia yetu. Mwaka 2010 Hanson, Lewis na Challinor walionesha kwamba chanzo kilikuwa umbo lisilo mviringo kamili la miale ya darubini. Kim na Komatsu, kwa data za setilaiti ya Planck, walipata mwaka 2013 kiasi cha 0.002, na shaka ya kipimo 0.016: hakuna tofauti na sufuri. Kwa hiyo isotropia "imevunjwa" ni sentensi ya uongo, na "haivunjiki" nayo imezidi, maana athari ndogo kuliko shaka hiyo ingaliweza kuwamo. Kiswahili kina -ngali- kwa kazi hii hasa, na sioni kwa nini tuiache tunapoingia maabara.