Mafia, 1915: Meli Yenye Jina na Askari Wasio na Majina

Vita hukumbukwa kwa namna mbili: kwa vitu vilivyopiganiwa na kwa watu waliopigana. Aghalabu vitu hushinda. Habari ya kisiwa cha Mafia katika Vita Kuu ya Kwanza ni mfano dhahiri wa ushindi huo usio wa haki.

Januari 1915 jeshi la Waingereza lilishuka Mafia, likapigana na kikosi kidogo cha Wadachi huko Ngombeni, likakitwaa kisiwa. Shabaha ilikuwa ng'ambo ya pili. Manowari Königsberg, iliyoizamisha Pegasus katika bandari ya Unguja tarehe 20 Septemba 1914, ilikuwa imejificha katika delta ya Rufiji. Ndege zilizoruka kutoka Mafia ziliipeleleza, na tarehe 11 Julai 1915 ikaangamia baada ya kupigwa na mizinga ya Severn na Mersey. Mmojawapo wa mizinga yake umewekwa Ngome ya Yesu, Mombasa. Chombo hata kilipokufa kilipata kumbukumbu.

Je, watu? Waliotwaa kisiwa walikuwa askari wa Keya, jeshi lililoandika watu wake Kenya, Uganda na Nyasaland. Katika jeshi la Wadachi, askari wa kwanza waliletwa mwaka 1889 kutoka Misri, wengi wao wakiwa Wasudani. Basi wengi walipigana mbali na makwao, katika ugomvi wa wafalme wasiowajua. Maofisa waliandikwa kwa jina na cheo. Askari wakaandikwa kwa hesabu.

Waandishi wa riwaya nao walifuata meli kwanza. Wilbur Smith, katika *Shout at the Devil* ya mwaka 1968, aliigeuza Königsberg kuwa Blücher, akamfanya shujaa wake kuwa jangili wa pembe, Flynn O'Flynn. Waafrika wamo, lakini aghalabu nyuma ya bwana wao. Ni kisa cha kusisimua. Hata hivyo msomaji hufunga kitabu akiijua meli kuliko wenye nchi.

Abdulrazak Gurnah, katika *Afterlives* ya mwaka 2020, alishika njia nyingine. Hamza na Ilyas ni askari wa Wadachi, na vita vyaonekana kwa macho ya Hamza. Ilyas hupotea, na dada yake Afiya huishi miaka mingi bila ya kujua alikokwenda. Mwishoni mpwa wake, aliyepewa jina lake, huenda Ujerumani na kukuta katika nyaraka kwamba mjomba alifia katika kambi ya Sachsenhausen mwaka 1942.

Msomaji aweza kulaumu kwamba sehemu hiyo ya mwisho yakimbia mno: maisha yaliyongojewa kitabu kizima hutolewa kwa kurasa chache kavu. Lawama hiyo haina nguvu. Ukavu huo ndio ukweli wa nyaraka. Aliyesahauliwa hapatikani mzima. Hupatikana katika mistari michache iliyoandikwa na waliomtesa.

Maisha ya kweli yathibitisha hayo. Bayume Mohamed Husen, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, alitumika vitani akiwa mtoto pamoja na baba yake. Mwaka 1929 alifika Ujerumani, akadai mishahara yao isiyolipwa. Alifundisha Kiswahili Berlin, akacheza katika filamu, akakamatwa mwaka 1941, akafa Sachsenhausen tarehe 24 Novemba 1944. Marianne Bechhaus-Gerst aliweza kuandika maisha yake, akayachapisha mwaka 2007. Funzo ni hili: mnyonge huingia katika maandishi adaipo haki yake au anaposhitakiwa. Mtafiti asianze na taarifa za ushindi. Aanze na madai, malipo na mashtaka.

Jambo hili si la watu wa vitabu peke yao. Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Sanamu ya Askari iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927 ina maneno ya kuwasifu wote, lakini sifa ya wote haimtaji hata mmoja.

Kiswahili hakikukosa chombo cha kazi hii. Vita vya Wadachi pwani na vya Majimaji vilitungiwa tenzi, na Shaaban Robert alivitungia utenzi vita vya 1939 hadi 1945. Ngombeni nayo yastahili mtunzi na mtafiti, wala mmoja asimngoje mwenziwe. Meli imekwisha kuandikwa vya kutosha. Deni lililobaki ni la majina, na deni halifi kwa sababu mdai amekufa.