Sindimba: Ngoma ya Nani?

Ndugu zetu wengi wanaijua sindimba kuwa ni ngoma ya kukata viuno. Wachache wanaijua kuwa ni ngoma ya Wamakonde wa Newala na majirani zao, inayoambatana na sherehe za jando na unyago. Tofauti hiyo ndiyo kiini cha uhakiki huu. Ubishi juu ya sindimba umekuwa mrefu, lakini kwa maoni yetu umeelekezwa mahali pasipo: watu wamebishania viuno, hawakuuliza ngoma ni ya nani.

Historia yatupa mwanzo. Wamisheni wa UMCA walifika Masasi mwaka 1876. Askofu Vincent Lucas, aliyeongoza Dayosisi ya Masasi tangu 1926 hadi 1944, hakulipiga marufuku jando, bali alilifanya la Kikristo. Tusimbeze, kwa kuwa alitambua kwamba jando ni shule. Lakini neno la mwisho juu ya lipi libaki na lipi liondoke lilikuwa la Kanisa, si la mkulima.

Baada ya Uhuru, mwaka 1962, Mwalimu Nyerere aliunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana ili kuing'oa kasumba ya kwamba Mwafrika hana utamaduni wake. Kikundi cha Taifa cha Ngoma kikaipandisha sindimba jukwaani, kama Guinea, baada ya uhuru wake wa 1958, ilivyoifanya Ballets Africains ya Fodéba Keïta kuwa kikundi cha taifa. Hatua hiyo ilikuwa ya kimapinduzi. Mtoto wa Usukumani aliweza kuicheza ngoma ya Umakonde na kuiita yetu.

Hata hivyo, jukwaa lina masharti yake. Ngoma ya kijiji kizima huwa ya dakika chache, na wachezaji humgeukia mgeni rasmi badala ya kugeukiana. Mafunzo yakabaki Newala, viuno vikasafiri. Hapo yakazaliwa makosa mawili: wengine wakaiita sindimba uhuni, wengine wakaifanya pambo la kupokelea wageni. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana dhidi ya sketi fupi, mawigi na suruali za kubana, kwa jina la utamaduni wa taifa. Hapana budi tujikosoe: mwili wa mwanamke ulikemewa barabarani na kushangiliwa jukwaani, na katika yote mawili yeye mwenyewe hakuulizwa.

Hatusemi sindimba irudishwe kijijini ikafungiwe huko. Mwacha mila ni mtumwa, lakini anayeibeba mila bila kuipima naye hajawa huru. Unyago umefunza usafi, heshima na malezi. Pia umemfunza msichana kumtii mume bila swali, na pengine kumharakisha kuolewa kabla hajamaliza shule. Chama kinachotaka ukombozi wa mwanamke hakiwezi kuisifu shule hiyo yote nzima, wala hakina haki ya kuichambua kikiwa ofisini. Wenye kuipima ni makungwi wa Newala na Masasi pamoja na binti zao waliosoma, na kazi ya kada ni kukaa nao na kusikiliza kabla ya kusema.

Kikundi cha Taifa kilivunjwa, na mwaka 1981 Chuo cha Sanaa kikaanzishwa Bagamoyo. Sindimba iliendelea kuchezwa mashuleni na kwenye mikutano, ikiwamo mikutano yetu wenyewe. Basi kada anayealika kikundi cha ngoma aulize mambo matatu: nyimbo zinasema nini, nani aliyezifundisha, na wachezaji watalipwa nini baada ya mgeni rasmi kuondoka. Tukishindwa kujibu, tutakuwa tumerithi tabia ya kuchagua kwa niaba ya wengine, na wakulima wa Newala watakuwa wamebadilishiwa mchaguzi tu.