Anayeuliza na Anayeulizwa: Usaili, Tawasifu na Dola katika Filamu ya Przesłuchanie

Filamu ya Przesłuchanie ya mwelekezi Ryszard Bugajski ilikamilika mwaka 1982 na kupigwa marufuku mwaka uo huo. Watazamaji wa Poland hawakupata kuiona katika kumbi za sinema hadi Desemba 1989, wakati ambapo chama kilichoizuia kilikuwa tayari kimepoteza usukani wa serikali. Katika ile miaka saba ya kati ilisambazwa kisirisiri kwa kanda za video. Historia hii ya marufuku imeifaidi na kuidhuru. Imeifaidi kwa kuipa heshima ya shahidi, katika maana zote mbili za neno hilo. Imeidhuru kwa sababu wahakiki wengi hukomea hapo, wakaihesabu kuwa hati ya mashtaka dhidi ya polisi wa siri wa enzi ya Stalin na kuridhika. Hati ya mashtaka imo, wala haina haja ya kufafanuliwa. Linalokusudiwa kujadiliwa katika makala haya ni jambo ambalo usomaji wa aina hiyo hulipuuza: kwamba filamu hii inahusu utunzi. Inahusu dola inayomlazimisha raia kuisimulia upya hadithi ya maisha yake, rasimu baada ya rasimu, hadi hadithi hiyo ipatane na hukumu iliyokwisha kuandikwa.

Jina lenyewe ni mahali pazuri pa kuanzia. Katika lugha ya Kipolandi, neno przesłuchanie lina maana ya mahojiano anayofanyiwa mtuhumiwa. Lakini pia ndilo neno linalotumiwa mwimbaji anapoitwa kujaribiwa sauti kabla ya kupewa nafasi jukwaani. Kiswahili kina bahati ya kuwa na neno linalokaribia upana huo. Kusaili ni kumhoji mshukiwa, na ni kumhoji pia anayeomba kazi. Mote mna anayeketi nyuma ya meza na anayeketi mbele yake. Tonia, mhusika mkuu, ni mwimbaji wa vilabuni na kwenye maonyesho ya burudani. Kwa hivyo kinaya kimo tangu kichwani mwa filamu: mwanamke aliyezoea kusikilizwa na waliokuja kwa hiari anaingizwa katika chumba ambamo atasikilizwa kwa miaka, na wasikilizaji wake hawatapiga makofi ila atakaposema wanalolitaka.

Msuko ni sahili. Mwaka ni 1951. Baada ya onyesho moja Tonia anagombana na mumewe, Konstanty, kisha anakubali mwaliko wa wanaume wawili wachangamfu wanaomlewesha na kumfikisha gerezani. Asubuhi anadhani ni mzaha. Wasaili wake wakuu ni wawili: Meja Zawada, anayeigizwa na Janusz Gajos, mtu mwenye utulivu wa karani anayefanya kazi yake ya kila siku, na Luteni Morawski, anayeigizwa na Adam Ferency, kijana mwenye imani. Wanalolitafuta kwake ni ushahidi dhidi ya Olcha, afisa wa jeshi ambaye Tonia aliwahi kulala naye. Anapigwa, anamwagiwa maji, anaigiziwa mauaji. Hatii sahihi. Baadaye anapata mtoto kwa Morawski, mtoto huyo anachukuliwa, Morawski anajiua kwa risasi, na baada ya kifo cha Stalin mlango wa gereza unafunguliwa bila maelezo kama ulivyofungwa.

Muhtasari huo hauonyeshi kiini cha mambo. Jambo la kwanza ambalo Tonia anaamriwa kufanya si kuungama kosa lolote bali kueleza maisha yake: alizaliwa wapi, amejuana na nani, amelala na nani. Desturi hii haikubuniwa na Bugajski. Katika mfumo uliotoka Umoja wa Kisovieti, tawasifu fupi iliyoandikwa kwa mkono ilikuwa waraka wa kawaida katika faili ya kila mwanachama na kila mfanyakazi, na mfungwa alitakiwa kuiandika mara nyingi ili matoleo yalinganishwe na tofauti zake zigeuzwe kuwa hatia. Wasaili basi ni wahariri. Wanakataa rasimu, wanapendekeza maneno, wanaongeza wahusika, na wanachukizwa si na uongo bali na ukosefu wa mwelekeo katika masimulizi. Tonia, kwa upande wake, ni msimulizi mbaya kwa vigezo vyao. Maisha yake hayana ploti. Alimpenda huyu kwa juma moja, yule kwa sababu alimchekesha. Hakuna njama, hakuna dhamira kuu. Itikadi inayoamini kwamba kila tukio lina sababu ya kihistoria haiwezi kumstahamilia mtu wa namna hii, na ukatili unaofuata ni, kwa kiasi kikubwa, hasira ya mhakiki asiyeamini kwamba matini mbele yake haina maana iliyofichwa.

Hapo ndipo uteuzi wa mwigizaji unapopata uzito wake. Krystyna Janda alijulikana kwa mara ya kwanza katika Człowiek z marmuru, filamu ya Andrzej Wajda ya mwaka 1977, akiwa Agnieszka, mwanafunzi wa sinema anayechunguza maisha ya Mateusz Birkut, mwashi wa Nowa Huta aliyewahi kutukuzwa na magazeti, akachongewa sanamu, kisha akafutwa. Katika filamu ile Janda ndiye anayeuliza. Anakimbia na kamera, anawabana wazee wenye siri, anajipenyeza katika ghala ya jumba la makumbusho na kuipanda sanamu ya Birkut iliyolazwa chini ili aipige picha. Kuuliza kwake ni ukombozi: ukweli upo, umefichwa tu, na mwenye ujasiri wa kuuliza ataupata. Miaka michache baadaye mwigizaji yuyo huyo amekalishwa upande wa pili wa meza, na maswali yamegeuka. Mtazamaji wa Poland aliyemkumbuka Agnieszka hakuweza kumtazama Tonia bila kuhisi mgeuko huo. Kikundi cha utayarishaji kilikuwa kimoja, Zespół X, kilichoongozwa na Wajda mwenyewe, na kikundi hicho kilivunjwa mwaka 1983. Filamu ya Wajda inaamini swali. Ya Bugajski inajua kwamba swali lina mwenyewe, na kwamba thamani yake hutegemea nani ana funguo za mlango.

Kifani, Bugajski anajinyima karibu kila kitu. Wajda alikuwa na Nowa Huta yote, reli, viwanda, filamu za habari za kubuni ndani ya filamu. Bugajski ana ofisi, korido, seli na ua. Kamera ya Jacek Petrycki hukaa karibu mno na nyuso hivi kwamba mtazamaji hapati mahali pa kupumzisha macho, na mwanga ni ule wa balbu isiyozimwa. Muda haupimwi kwa kalenda. Hupimwa kwa nywele za Tonia, kwa nguo ileile ya onyesho inayochakaa mwilini mwake, kwa tumbo linalokua. Nguo hiyo yastahili kuangaliwa kwa makini. Mwanzoni ni pambo la jukwaani; siku za kwanza gerezani inakuwa aibu, kwa kuwa inamfanya aonekane kama mtu aliyeachwa na sherehe; hatimaye si kitu tena ila kitambaa. Mabadiliko hayo yanafanyika bila neno hata moja kusemwa, na yanaeleza zaidi kuliko maonyesho ya mateso, ambayo kwa kweli huzidi kipimo mahali pawili patatu.

Kuna swali gumu zaidi, nalo ni la ukaidi wa Tonia. Kwa nini hatii sahihi? Si mzalendo wa chinichini, si mcha Mungu, hana chama. Olcha si mume wake wala si kipenzi chake cha maisha. Filamu haitoi jibu la kiitikadi, na hilo ni jambo la kupongezwa. Tonia anakataa kwa sababu jambo analoambiwa aseme halikutokea. Mwanzoni kukataa huko ni kwa mtu asiyeelewa. Baadaye ni kwa mtu aliyegundua kwamba amebaki na kitu kimoja tu, na kitu hicho ni kumbukumbu ya yaliyotokea na yasiyotokea. Kinyume chake ni Witkowska, mfungwa mwenziwe, mkomunisti anayeendelea kukiamini chama kilichomfunga. Witkowska ana nadharia ya kila pigo analopigwa. Sehemu hii inaigizwa na Agnieszka Holland, mwelekezi wa filamu ambaye mwenyewe alifungwa kwa majuma kadhaa mjini Prague mwaka 1970, na uigizaji wake hauna dhihaka hata chembe. Mwelekezi mwingine angemfanya Witkowska kikaragosi. Hapa ndiye mwenye akili kuliko wote selini, na akili hiyo ndiyo inayomzuia kuona.

Morawski ndiye aliyewagawa zaidi watazamaji. Aliwahi kuwa mfungwa wa kambi ya Wanazi, na imani yake katika utawala mpya inatokana na waliomkomboa. Wapo wanaoona kwamba kumpa msaili historia ya namna hiyo, kisha kumfanya baba wa mtoto wa mfungwa wake, ni kumwombea huruma kinyume cha haki. Pingamizi hili si la kupuuzwa. Tendo la kimapenzi kati ya mfungwa na askari aliye na mamlaka juu ya uhai wake haliwezi kuitwa mapenzi bila kuulizwa ridhaa imetoka wapi, na filamu hailiulizi swali hilo kwa ukali unaostahili. Hata hivyo dosari hiyo imezaa jambo la maana. Mtoto ni hati pekee iliyotoka katika chumba kile ambayo haikuhaririwa. Tonia anapokwenda kumchukua kwenye makao ya watoto baada ya kuachiliwa, anamchukua binti ambaye nusu yake imetoka upande wa pili wa meza, na filamu inamtaka mtazamaji akubali kwamba Poland yote ya baada ya 1956 ilizaliwa hivyo. Msomaji anayetafuta mpaka safi kati ya dola na watu hataupata hapo.

Yafaa kukumbushwa pia kwamba filamu yenyewe ilisailiwa. Upigaji picha ulikuwa ukiendelea Jenerali Jaruzelski alipotangaza sheria ya kijeshi tarehe 13 Desemba 1981. Mnamo Aprili 1982 iliwekwa mbele ya kamati rasmi ya tathmini, ambayo baadhi ya wajumbe wake waliishutumu vikali, na kumbukumbu za kikao hicho zikavuja na kusomwa kwa siri. Mwelekezi akaketi akisikiliza watu wakimweleza hadithi yake ilimaanisha nini hasa. Sadfa kama hiyo ingeonekana ya kulazimishwa katika riwaya. Inaeleza pia kwa nini filamu iliyowekwa katika mwaka 1951 haikuweza kuvumiliwa mwaka 1982, ingawa chama kilikuwa kimekwisha kukiri tangu 1956 kwamba enzi ya Stalin ilikuwa na “makosa”. Wakati uliopita uliruhusiwa kulaumiwa ikiwa tu ulibaki umepita. Krzysztof Kieślowski alichukua njia nyingine katika Przypadek, iliyopigwa 1981 na kuruhusiwa 1987, ambamo kijana mmoja anaikimbilia garimoshi mara tatu na kupata maisha matatu: mwanachama wa chama, mpinzani, na mtu asiye upande wowote. Kieślowski aliukabili wakati wake moja kwa moja na akafungiwa. Bugajski alirudi nyuma miaka thelathini naye akafungiwa. Udhibiti hauna nadharia ya majira.

Baada ya 1989 hakukuwa tena na wa kuzuia, na hapo tatizo jipya likajitokeza. Bugajski, aliyekuwa amehamia Kanada katikati ya miaka ya 1980 na baadaye kurejea, alielekeza Generał Nil mwaka 2009, kuhusu Jenerali August Emil Fieldorf, kamanda wa jeshi la chinichini wakati wa vita, aliyenyongwa Warsaw tarehe 24 Februari 1953. Ni filamu ya heshima na yenye ustadi, nayo ni dhaifu. Fieldorf anajua tangu mwanzo yeye ni nani, na mtazamaji pia anajua. Wasaili hawana la kuhariri kwa kuwa matini imekwisha kuchongwa katika jiwe. Ajabu ni kwamba Wajda alikuwa ameonya juu ya jambo hilihili mwaka 1977, alipoonyesha jinsi sanamu inavyommeza mtu aliyechongewa. Fieldorf alistahili ukumbusho. Tonia alipata filamu.

Pawel Pawlikowski alilikwepa tego hilo katika Ida ya mwaka 2013, iliyotunukiwa Oscar mwaka 2015. Wanda, aliyekuwa mwendesha mashtaka katika kesi za enzi ya Stalin, sasa mwaka 1962 ni hakimu mlevi na mpweke. Naye pia ni Myahudi ambaye jamaa zake waliuawa na jirani Mpolandi wakati wa vita. Wapo Poland walioilalamikia filamu hiyo kutoka pande mbili zinazopingana, jambo ambalo huenda ni dalili njema. Pawlikowski hamsamehe Wanda wala hamshtaki. Anamweka chini kabisa ya fremu, juu yake pametanda nafasi tupu, na siku moja Wanda anaweka sahani ya santuri, anafungua dirisha na kutoka kwalo kama mtu anayeondoka kwenda kazini.

Bugajski alirudi kwenye meza ile kwa mara ya mwisho katika Zaćma ya mwaka 2016, miaka mitatu kabla ya kufariki kwake. Safari hii mhusika wake ni Julia Brystiger, aliyekuwa mkuu wa Idara ya Tano ya Wizara ya Usalama wa Umma, anayefika Laski, penye taasisi ya vipofu karibu na Warsaw, akitaka kuonana na Kadinali Wyszyński, ambaye utawala huo ulimweka kizuizini kuanzia 1953 hadi 1956. Anajiwa na njozi za watu aliowatesa. Anaomba kusikilizwa. Mwelekezi aliyeanza na mwanamke aliyekataa kusema anamaliza na mwanamke asiyepata wa kumwambia. Filamu hii ina mazungumzo mengi kuliko inavyoweza kuyabeba, na imani ya Kikristo inayaingia mahali pasipoitwa. Lakini kuna dakika kadhaa ambamo Brystiger, akiulizwa maswali na watawa wasio na mamlaka yoyote juu yake, anaanza kuyajibu kwa mpangilio wa ripoti, na ghafla inadhihirika kwamba hata yeye hajui namna nyingine ya kusimulia maisha yake.