Kutoka Plastiki hadi Nafsi: Mwendelezo wa Uasi na Ibada ya Bhakti katika Kazi za Poly Styrene

Wahakiki wengi wa muziki wa panki huyagawa maisha ya Poly Styrene mafungu mawili: mwasi wa 1977 aliyepaza sauti jukwaani na bendi ya X-Ray Spex, kisha mcha Mungu aliyejitenga hekaluni. Mgawanyo huo ni rahisi, lakini haustahimili usomaji wa karibu wa kazi zenyewe.

Marianne Joan Elliott-Said alizaliwa Uingereza mwaka 1957, baba yake akiwa Msomali na mama mwenye asili ya Uskoti na Ayalandi. Katika mji kama Babati, ambako Mgorowa, Mwiraqw, Mrangi na Mbarabaig huishi mtaa mmoja na kuoana, swali la mtoto wa damu mbili si geni. Marianne alilijibu kwa kejeli: akajipa jina la plastiki. Msanii hutengenezwa, huuzwa, hutupwa. Albamu ya Germ Free Adolescents (1978) inaisukuma kejeli hiyo mbali zaidi; wimbo "Identity" unahoji iwapo mtu anaweza kujijua kupitia picha anazooneshwa na wengine.

Bhakti inaingia hapa ikiwa jibu la swali hilohilo. Mafundisho aliyoyapokea, yale ya jumuiya ya Hare Krishna iliyoanzishwa na A.C. Bhaktivedanta Swami jijini New York mwaka 1966, yanatenganisha nafsi na mwili: rangi, jinsia na taifa ni mavazi tu. Aliyekwisha kujiita plastiki alikuwa amelitamka nusu ya fundisho hilo kabla ya kulisikia. Hata namna ya ibada ilimwafiki mwimbaji, yaani kulirudiarudia jina la Mungu pamoja na wengine. Anayeijua zikri ya Waswahili hahitaji maelezo marefu. Tena bhakti yenyewe ina historia ya ukaidi. Mirabai, mshairi wa India wa karne ya 16, anakumbukwa kwa kuzivunja adabu za ukoo wa kifalme kwa ajili ya Krishna.

Hata hivyo, si haki kuigeuza imani hiyo kuwa dawa ya kila kitu. Filamu ya Poly Styrene: I Am a Cliché (2021), iliyoongozwa na binti yake Celeste Bell pamoja na Paul Sng, inaonesha gharama: maradhi ya akili ambayo awali yalitambuliwa kimakosa, utoto wa hekaluni, na hatimaye mtoto kwenda kulelewa na bibi yake. Binti hamlaani mama wala hamtakasi. Ushahidi huo una uzito kuliko sifa zote za mashabiki, na mhakiki anayeupuuza anaandika wasifu wa mtakatifu.

Kuhusu mwendelezo, Generation Indigo inatosha. Albamu hiyo ilitoka mwaka 2011, wiki chache kabla ya kifo chake. "Virtual Boyfriend" unayacheka mapenzi ya kwenye intaneti, na kwingineko vita vinapingwa waziwazi. Sauti imelainika, walengwa wa kejeli ni walewale wa 1978.